Barua ya wazi kwa wakubwa wetu: nunueni kazi za mafundi wa Lamu, na mlipe kwa wakati

Kwa waheshimiwa mlioshika mambo ya utamaduni, biashara, utalii na fedha, wa kaunti na wa serikali kuu, na kwa waheshimiwa madiwani mnaopitisha bajeti,

Asalaam aleikum na heshima zenu zote.

Naandika kwa niaba yangu na ya mume wangu. Yeye ni mchongaji, mimi ni mchoraji, tuna galari ndogo hapa Amu, yaani mji wa Lamu, pwani ya Kenya, kwenye kichochoro cha kutokea Ndia Kuu, si mbali na ngome. Wengi wenu mmeshapita pale, wengine mmeingia mkapiga picha, wengine mmekaa dakani mkanywa kahawa na mume wangu mkaongea mambo ya mji mpaka adhana. Kwa hiyo mjue hii barua inatoka kwa watu wenu, hatuna kinyongo na mtu. Tuna ombi moja na nalisema hapa juu kabisa ili yule asiyekuwa na wakati wa kusoma mpaka chini alipate: zile pesa za umma zinazonunua zawadi za wageni, samani za ofisi, vikombe vya mashindano, vibao vya majina, mapambo ya kumbi, mifuko ya semina, sehemu yake inunue kazi za mafundi wa hapa hapa, na fundi alipwe kwa wakati. Hatuombi msaada. Hatuombi kuandikiwa mradi wala kupelekwa semina nyingine ya ujasiriamali. Tunaomba mnunue.

Sasa nieleze kwa nini, na nitaeleza kirefu manake naona watu wengi wanaopitisha haya mambo hawajui kazi yetu inakwendaje kwa ndani.

Mtu akisikia galari anadhani ni pahali pa kuta nyeupe na ac na wazungu wanatembea polepole na glasi mkononi. Yetu ni nyumba ya mawe ya wazee, chumba cha mbele ndio duka, ua wa ndani ndio karakana ya mume wangu, juu ndio tunalala na watoto na ndiko nachorea kwa sababu ya mwanga. Zidaka za ukutani ndizo shelfu zetu. Ukiingia utakuta visanduku na fremu na vibao vya mbuzi vya kukunia nazi alivyochonga yeye, utakuta picha zangu, lakini nusu ya vitu vilivyomo si vyetu. Kuna mikeka na vikapu vya kina mama wa kijiji cha Matondoni, kuna viatu na mikanda ya ngozi kutoka Siyu, kisiwa cha Pate, kuna kofia za mkono ambazo mtu anashona kidogo kidogo kwa miezi mpaka inaisha, kuna pete za fedha zilizotiwa vipande vya sahani za kale za Kichina ambazo bahari bado inazitoa. Vyote hivyo tunavichukua kwa mali kauli, yaani mwenyewe anaacha kazi yake, ikiuzwa tunampa chake, isipouzwa inakaa. Ndiyo maana nasema tukiwa hatuna mauzo si sisi wawili tu tunaoumia, kuna watu kule Matondoni wanapiga simu kila Ijumaa kuuliza kama mkeka umeenda na mimi sipendi hata kidogo kuwajibu bado.

Na sisi wawili tuko pabaya kuliko mafundi wengi kwa sababu ya ndoa yetu yenyewe. Nyumba nyingine mume ana boti na mke ana duka la nguo, au mke ni mwalimu na mume ni fundi, mmoja akikosa mwingine anapata wanasukuma mwezi. Sisi tumeweka mayai yote kapu moja. Mgeni asipoingia kwenye ule mlango, hakosi mchongaji peke yake, anakosa mchongaji na mchoraji kwa pamoja, na karo ni ile ile na bili ya stima ni ile ile.

Nieleze picha zangu kidogo. Nachora kwenye matanga makuukuu. Tanga la jahazi au mashua likishachakaa nahodha analitoa, zamani lilikuwa likikatwa la kufunikia mizigo au likatupwa, mimi nanunua. Linakuja limekauka chumvi, limetiwa viraka, lina harufu ya mafuta ya taa na samaki, naliosha maji baridi mara kadhaa, nalianika, nalipiga pasi, halafu naliwamba kwenye mbao. Vile viraka sivitoi, wala mshono sifichi, kwa sababu mkono wa yule aliyeshona tanga baharini uko pale na mimi nachora juu yake tu. Lakini hewa ya huku haina huruma. Chumvi ikibaki kwenye kitambaa rangi inavimba na kubanduka, na msimu wa mvua, Aprili na Mei, unyevu unapanda kwenye kuta za matumbawe mpaka fremu zinapinda na fedha inageuka nyeusi kwenye zidaka. Nimeshapoteza kazi nzuri hivyo. Sasa mnunuzi akija akiuliza kwa nini kitambaa kizee ni ghali kuliko picha mpya iliyoprintiwa Nairobi, mimi sina jibu fupi la kumpa.

Mume wangu naye. Mlango wa Kiamu una mfaa pale katikati, una kizingiti juu, una miimo pande mbili, na kila sehemu ina michoro yake na maua yake na mnyororo wake wa pembeni, na vyote vinatoka kwa patasi na nyundo ya mti, hakuna mashine. Kuna fundi anayechora mstari moja kwa moja kwenye mbao bila karatasi kwa sababu mkono wake umeshajua. Mlango mkubwa unakula miezi. Mbao zenyewe hazitoki Amu, zinapakiwa kwenye lori bara au Mombasa, zinapita Malindi, Garsen, Witu, zinafika Mokowe, zinashushwa zinapandishwa boti, zikifika gatini zinabebwa na punda au hamali mpaka mlangoni, na kila mkono unaoshika mbao unalipwa. Mwembe ni rahisi kidogo na siku hizi anautumia sana kwa vitu vidogo, lakini mlango hauchongwi kwa mwembe ukakaa karne. Halafu mtu anakuja na simu, anafungua picha ya mlango uliochongwa na mashine nchi nyingine, anasema huu ni bei nusu. Mume wangu huwa anamkaribisha kahawa na kumwonyesha tofauti kwa kidole, wapi mashine imezunguka na wapi patasi imekata, na wengine wanaelewa na kununua, wengine wanashukuru na kwenda.

Watalii ndio wametubeba miaka yote hii na tunawashukuru kutoka moyoni. Lakini nyinyi mnajua kuliko sisi jinsi utalii wa huku unavyokatika. 2011 wageni walitekwa huku kwetu, kule Manda na Kiwayu, msimu ukafa. 2014 baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ikaja kafyu ya usiku, nchi za wenzetu zikaonya watu wao wasije, tukafunga mlango jioni jioni na hakuna wa kumfungulia mchana. 2020 ndio ikaja korona, ndege hakuna, mji kimya. Kila mara tunasimama tena, na kila mara kuna mafundi wasiosimama. Nawajua kwa majina lakini sitawataja, mmoja alikuwa na mkono mzuri sana wa kuchonga, leo anaendesha bodaboda Mokowe na anasema hatorudi kwa sababu bodaboda inalipa jioni ile ile. Siwezi kumlaumu. Ana watoto.

Na hata mwaka mzuri, mwaka usio na balaa, wageni wanakuja Julai na Agosti, wanakuja tena Disemba mpaka kaskazi inapoanza kulegea, na wakati wa Maulidi mji unajaa lakini wale ni wageni wa ibada, wananunua kofia na halua na wanaenda zao. Kuanzia Aprili mpaka Juni kusi inavuma, bahari imechafuka, mvua, hoteli zingine zinafunga kabisa. Miezi ile mafundi wanakaa barazani. Na miezi ile ndiyo vijana wanaojifunza wanapoacha, kwa sababu mwalimu wao mwenyewe hana kazi ya kuwapa, atawafundisha kwa mbao gani?

Hapo ndipo nyinyi mnaingia, na naomba msome hapa taratibu.

Serikali haina msimu. Inanunua wakati wa kusi na wakati wa kaskazi. Ofisi inahitaji meza hata kama hakuna mtalii. Wageni rasmi wanakuja wanapewa zawadi, timu zinacheza zinapewa kombe, wanafunzi bora wanapewa tuzo, mkutano unafanyika watu wanapewa mifuko, jengo jipya linafunguliwa linahitaji kibao cha ukumbusho, hospitali inataka mabenchi ya watu kusubiri. Vitu hivi vyote vinanunuliwa, pesa zinatoka. Tunachouliza ni zinakwenda wapi. Siku moja mgeni aliingia dukani kwetu ametoka kwenye mkutano fulani hapa hapa kisiwani, akanionyesha zawadi aliyopewa, jahazi dogo la plastiki kwenye kijisanduku, limeandikwa Lamu kwa rangi ya dhahabu, na chini kabisa limeandikwa limetengenezwa nchi ya mbali. Aliniuliza kama hapa hakuna mtu anayetengeneza majahazi. Matondoni wanaunda majahazi ya kweli ya kwenda baharini! Wanaume wa pale wanaweza kumtengenezea mtoto jahazi dogo la mbao na tanga lake na kamba zake usiku mmoja. Nilimjibu kwamba wapo, nikamwelekeza, akaenda, akanunua mawili. Lakini ule mkutano wenyewe ulikuwa na wageni wengi, na wote waliondoka na plastiki.

Sitataja nani aliandaa, na hata sidhani alikuwa na nia mbaya. Nadhani ofisa aliambiwa atafute zawadi haraka, akampigia mtu anayemjua mwenye makaratasi tayari, basi. Ndio shida yenyewe. Njia rahisi kwa ofisa ni ya kumpigia mtu wa mbali mwenye kampuni, njia ya kutufikia sisi ni ngumu.

Niseme na hii ya makaratasi kwa sababu inakera. Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 imeweka nafasi ya kupendelea wenyeji na vikundi vidogo, na kuna ule mpango wa AGPO wa asilimia 30 ya ununuzi kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Sheria nzuri, tunaisifu. Lakini mama wa Matondoni anayesuka ukili kwenye kivuli cha mkungu hawezi kushindana na tangazo linalotaka cheti cha ushuru, usajili wa kampuni, hesabu zilizokaguliwa za miaka kadhaa, na uwezo wa kuleta mikeka na viti na sufuria na mahema kwa pamoja kwenye tenda moja. Kinachofanyika ni hiki, na kila fundi hapa atawaambia hivyo hivyo: mtu mwenye kampuni anashinda tenda, halafu anakuja kwetu kununua ile mikeka kwa bei ya kutupa, anaipeleka kwa bei yake. Tofauti inabaki kwake. Aliyesuka hajui hata mkeka wake umekwenda ofisi gani. Hivi kweli ndio wenyeji wamepewa nafasi hapo?

Na sisi wenyewe tumeshapewa oda na ofisi ya umma, si uongo, tulifurahi sana. Ofisi moja, siitaji, ilitaka vibao vya kuchonga na picha kadhaa za ukuta. LPO, ile hati ya kuagiza, ikatoka, mume wangu akakopa mbao, mimi nikachukua matanga, tukawaita vijana wawili wasaidie, tukamaliza na kupeleka, wakapokea, wakasifu, wakapiga picha nasi wakaposti. Malipo yakalala. Tulienda ile ofisi mara nyingi mno, mara faili iko kwa fulani, mara mfumo hauko sawa, mara subiri mwaka mpya wa fedha. Mwenye mbao hakusubiri mwaka wa fedha. Tulimlipa kwa pesa za mikeka ya watu, zile za mali kauli, na kuwaeleza kina mama kwamba pesa yao imeshikwa na serikali lilikuwa jambo gumu kuliko yote, manake wao hawakuuza chochote kwa serikali. Tulilipwa hatimaye, nashukuru, lakini mmoja wa wale vijana alikuwa ameshaondoka na hakurudi tena kwenye patasi.

Kampuni kubwa inaweza kungoja, ina benki. Fundi akicheleweshewa malipo anauza vifaa vyake. Madeni yaliyolala ya wazabuni yanasemwa kila siku kwenye redio kama hesabu za mamilioni, na ndani ya zile hesabu kuna watu wa oda ndogo kabisa ambao hakuna anayewataja, na kuwalipa hao hakuwezi kufilisi kaunti yoyote.

Najua kuna watakaosema mafundi wa huku hawawezi oda kubwa, wanachelewa, kazi haifanani. Nawajibu kwa heshima. Ile jahazi ya Flipflopi iliyoundwa kwa plastiki iliyookotwa na kuvikwa ndara chakavu kutoka mbele mpaka nyuma iliundwa hapa Lamu na mafundi wa hapa, ikashushwa majini 2018, na 2019 ikasafiri mpaka Zanzibar na dunia nzima ikaiona. Hawakuwahi kuunda kitu kama kile, kwa plastiki! Walipewa kazi, walipewa muda, walilipwa, wakaweza. Kuhusu kuchelewa, ni kweli mkono hauendi kama mashine, kwa hiyo oda isije wiki moja kabla ya mkutano. Oda ya Disemba itoke Aprili. Hili ndilo naliona mimi kama ufunguo wa jambo zima: mkiagiza wakati wa kusi, pale ambapo hakuna mtalii, fundi ana miezi mitatu minne ya kutengeneza kwa utulivu, vijana wana kazi ya kujifunzia, na kazi inakuwa tayari stoo mnapoihitaji. Haiwagharimu zaidi. Ni kupanga mapema tu. Na kuhusu kutofanana, mikeka ya mkono haifanani, na mgeni anayepewa kitu ambacho hakuna mwingine duniani anacho hatalalamika.

Tena si jambo geni kwenye mji huu. Nendeni makumbusho pale mbele ya bahari mkazitazame siwa zetu mbili, yale mabaragumu makubwa ya sherehe, ile ya Pate ya pembe ya ndovu, ya karne ya 17, na ile ya Lamu ya shaba. Ni vitu vikubwa vya mamlaka, vilipulizwa kwenye shughuli kubwa za mji. Kitu kama kile hakichongwi na fundi aliyekaa akingoja mpita njia. Wenye mji walitaka alama ya mji wao na kazi ikawekwa kwenye mikono bora. Siyu nako watu walinakili misahafu kwa mkono, wakaipamba, wakaijalidi kwa ngozi, kwa sababu kulikuwa na wasomi na misikiti iliyoihitaji. Sanaa ya pwani hii ilikua kwa kuwa wenyeji wenyewe walikuwa wanunuzi wa kwanza, mgeni alikuja baadaye akaikuta. 2001 UNESCO ikautia mji huu kwenye urithi wa dunia kwa kuwa ndio mji wa Waswahili wa kale zaidi na uliohifadhika vizuri zaidi Afrika Mashariki, na milango na kuta wanazozisifu ni kazi ya watu wenye ufundi huu huu ninaouandikia. Sasa nyumba zinalindwa na ni vizuri, mtu hawezi kubomoa ovyo. Mikono ya kuzitengeneza zikiharibika inalindwa na nani?

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 11, inasema utamaduni ni msingi wa taifa na dola ikuze sanaa na kila namna ya kujieleza kiutamaduni. Nyongeza ya nne ya hiyo hiyo katiba imezipa kaunti shughuli za utamaduni, makumbusho za kaunti, masoko, leseni za biashara, utalii wa ndani ya kaunti, vyama vya ushirika na vyuo vya ufundi vya vijiji. Yaani karibu kila kitu kinachomgusa fundi kiko mikononi mwenu wa kaunti, na yale makumbusho makubwa na turathi za kitaifa yako kwa wenzenu wa serikali kuu. Nyote mko kwenye anwani ya barua hii kwa sababu hiyo, asije mmoja akasema ni kazi ya mwingine.

Tunachotaka kikae vipi? Tumeongea na mume wangu sana usiku baada ya watoto kulala, na tumeongea na mafundi wenzetu, na haya ndiyo tumekubaliana. Kuwe na daftari la mafundi la kaunti, mtu aandikishwe kwa kitambulisho na kazi yake ionekane, si kwa kampuni, na walio Siyu na Faza na Kizingitini wafuatwe huko huko wasilazimishwe kupanda boti kuja kuandikishwa. Oda ndogo zigawanywe, mikeka iwe oda yake na mbao oda yake, kina mama wa ushirika wapewe moja kwa moja. Fundi apewe arbuni ya vifaa, hata theluthi tu, kwa sababu hakuna fundi hapa mwenye mtaji wa kuikopesha serikali mbao. Kazi ikipokelewa ilipwe ndani ya siku 30. Na kila kitu kiende na kikaratasi chenye jina la aliyekitengeneza na kijiji chake, hili mimi nalitaka kuliko hata bei, kwa sababu nimeona kazi za watu wa hapa kwenye kuta za majumba makubwa na ukiuliza nani kafanya unaambiwa ni ya Lamu tu. Lamu haikushika patasi, kuna mtu aliyeshika.

Vyuo vya ufundi vya vijiji navyo vikiwa na oda za kweli za kutengeneza, hata madawati na milango ya shule za chekechea, vijana watajifunza kwenye kazi inayolipwa. Wazee wa kufundisha bado wapo. Wengine macho yameanza kuwaacha.

Sisi wawili hatujipigii debe. Mkianza mpango huu na mkasema wenye galari wangoje mwisho, wa kwanza wawe wale wasio na duka wala mlango wa barabarani, tutakubali na tutawasaidia kuwatafuta, tunawajua nyumba kwa nyumba. Sisi faida yetu ni kwamba vijana watabaki kwenye kazi na kina mama wataendelea kusuka, bila wao duka letu ni chumba kitupu chenye picha zangu.

Bajeti ya kaunti inatakiwa iwe imefika mbele ya bunge la kaunti ifikapo 30 Aprili na mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Kwa hiyo bado kuna nafasi ya kuweka fungu la kazi za mafundi kwenye makadirio yajayo, fungu lenye jina lake, si kufichwa ndani ya mambo mengine ambapo litaliwa na mahema na chai. Kikao cha kukusanya maoni ya wananchi kikitangazwa tutakuja, mimi na mume wangu na kina mama wa Matondoni na mafundi wa viatu, tutakuja na sampuli na orodha ya bei ya kila mtu, bei halisi zisizo na kamisheni ya mtu wa kati, na muda ambao kila kazi inachukua. Tunaomba ofisi zenu mtutajie ofisa mmoja ambaye tutampa ile orodha mkononi, na mtuambie lini atatujibu. Galari iko wazi asubuhi mpaka adhuhuri, na jioni baada ya alasiri mpaka magharibi, Ijumaa ni jioni tu. Mwenye kutaka kuja kuona kazi kabla ya kikao aje, hata bila miadi.

Wenu kwa heshima,

Mchoraji na mchongaji, mke na mume,
Amu